Jinsi ya kupima upitishaji wa umeme na kuona kazi ya kikemikali ya mkondo

Jaribio la kwanza ambalo karibu kila mwanafunzi wa sayansi hulifanya kuhusu umeme ni la betri, nyaya mbili na balbu ndogo ya tochi: kitu kikiwekwa kati ya ncha za nyaya na balbu ikawaka, huandikwa kwamba kinapitisha umeme, na isipowaka huandikwa kwamba hakipitishi. Kwa kuanzia, jaribio hilo linafaa, ila lina kasoro mbili ambazo mwongozo huu unakusudia kuzirekebisha. Ya kwanza ni kwamba balbu ya tochi ni shahidi mzito wa kusikia, kwa maana huhitaji mkondo wa takriban ampea 0.3 ndipo iwake vizuri, na mkondo ulio mdogo sana kuliko huo hupita kimya kimya bila balbu kutoa habari yoyote. Ya pili ni kubwa zaidi: balbu haisemi ni nini kilichoubeba umeme. Ndani ya waya wa shaba wabebaji ni elektroni, na waya hubaki vile vile ulivyokuwa hata ukipitisha mkondo mwaka mzima. Ndani ya maji ya chumvi wabebaji ni ioni, yaani atomu au vikundi vya atomu vyenye chaji, na hapo mkondo haupiti bure, kwani pale nyaya zinapokutana na maji gesi hutoka, metali huliwa au hujengeka, na rangi hugeuka.

Kwa hiyo, katika kila hatua itakayofuata, jiulize maswali mawili: mkondo umepita kiasi gani, na umebebwa na nini?

Kutengeneza kipimo

Andaa betri moja ya volti 9, LED nyekundu (kitaa kidogo cha miguu miwili), rezista ya omu 470 (kifaa kinachopunguza mkondo), vipande vitatu vya waya wa shaba uliofunikwa kwa plastiki, na vibanio vidogo vyenye meno vya kushikia. Multimeta ya kawaida, ile ambayo mafundi huiita mita tu, si lazima kwa majaribio ya mwanzo, lakini bila hiyo hutaweza kufanya hesabu za mwishoni, na mimi naona hesabu hizo ndizo tamu kuliko yote. Kwa ajili ya vimiminika utahitaji penseli mbili zilizochongwa pande zote mbili. Kiini cha penseli ni mchanganyiko wa grafiti na udongo wa mfinyanzi, na penseli laini, kama zile za 2B au 6B, zina grafiti nyingi kuliko penseli ngumu za H, kwa hiyo hizo laini ndizo za kutafuta.

Unga rezista kwenye ncha chanya ya betri, kisha uunganishe rezista na mguu mrefu wa LED. Mguu mfupi uunge na waya mmoja, na kwenye ncha hasi ya betri unga waya mwingine. Menya plastiki kwenye ncha mbili zilizobaki huru, nazo ndizo zitakazokuwa vidole vyako vya kupimia. Ukivigusanisha, LED iwake kwa nguvu. Isipowaka, huenda umeiunga kinyume, kwa kuwa LED huruhusu mkondo kupita upande mmoja tu. Rezista isiachwe kwa sababu yoyote. LED nyekundu hujichukulia volti 2 hivi, volti 7 zinazobaki huangukia kwenye rezista, na 7 ukigawa kwa 470 unapata takriban ampea 0.015, yaani miliampea 15, kiasi ambacho LED hukivumilia bila shida. Ukiiunga moja kwa moja na betri, itaungua kabla hujakaa sawa.

LED hii huonyesha mwanga hafifu hata kwa mkondo wa miliampea moja au pungufu, na hiyo ina maana kwamba inasikia mikondo iliyo midogo mara mamia kuliko ile inayowasha balbu ya tochi. Jenga mazoea ya kugusanisha vidole kabla ya kila kipimo ili uhakikishe kwamba kipimo chenyewe ni kizima, maana makosa mengi niliyowahi kuyaandika daftarini kama matokeo yalikuwa ni betri iliyokwisha au kibanio kilicholegea.

Majaribio yote yaliyoelezwa hapa hufanywa kwa betri. Umeme wa ukutani usiukaribie kabisa, hata kwa sekunde moja, hata kama una kifaa unachokiamini, kwa sababu maji yaleyale unayotaka kuyapima yataupitisha hadi mwilini mwako. Vilevile usipime petroli, spiriti au kimiminika chochote kinachoshika moto, kwa kuwa cheche moja kwenye vidole vya kupimia yatosha kuleta maafa.

Vitu vigumu: metali, kaboni na vihami

Pima msumari, kijiko, karatasi ya alumini, sarafu, kioo, plastiki, ubao mkavu na kipande cha raba. Hakuna la kushangaza sana hapo: metali zitawasha LED kikamilifu na vingine vitaiacha gizani. Ila usiharakishe kuandika. Chukua waya wa shaba wa aina inayosukwa ndani ya mota na transfoma, ule unaong'aa rangi ya kahawia nyekundu kana kwamba hauna kitu juu yake, kisha uupime kwa kugusa ubavuni. LED haitawaka. Ukwangue kwa msasa mahali pawili, gusa tena hapo ulipokwangua, na LED itawaka kwa nguvu zote. Waya huo umepakwa vanishi nyembamba isiyoonekana kwa urahisi, na bila vanishi hiyo mizunguko ya mota ingegusana na mkondo ungekata njia fupi. Msumari wenye kutu nao unaweza kukudanganya kwa namna hiyohiyo, kwa kuwa kutu hupitisha umeme vibaya sana ilhali chuma kilicho chini yake hakina tatizo lolote. Mara nyingi, basi, kipimo hupima ngozi ya kitu na si mwili wake.

Sasa weka vidole kwenye ncha mbili za kiini cha penseli. LED itawaka, pengine kwa unyonge kidogo ikilinganishwa na msumari. Ukichonga penseli ya pili ikawa fupi na kuipima, mwanga huenda ukaongezeka kidogo, kwa sababu ukinzani, yaani kuuzuia mkondo, hupungua kadiri njia inavyofupika. Kaboni si metali, na almasi, ambayo pia ni kaboni tupu, ni kihami. Tofauti imo katika mfungamano wa atomu. Ndani ya almasi kila atomu ya kaboni imezitumia elektroni zake nne za nje kushikana na majirani wanne, hivyo hakuna elektroni iliyobaki ya kuzurura. Ndani ya grafiti kila atomu imeshikana na majirani watatu, nayo elektroni ya nne huwa ya tabaka zima badala ya kuwa ya atomu moja, na hiyo ndiyo inayobeba umeme.

Metali nazo zina elektroni za namna hiyo kwa wingi usio wa kawaida. Watu wengi hudhani elektroni hizo hukimbia ndani ya waya kwa kasi ya mwanga, kumbe ndani ya waya wa shaba wenye unene wa milimita 1 ya mraba, unaopitisha ampea 1, mwendo wao wa wastani kuelekea upande mmoja ni milimita 0.07 tu kwa sekunde, yaani sentimita 26 hivi kwa saa. Taa huwaka papo hapo unapobonyeza swichi kwa sababu elektroni zimeshaujaza waya wote tangu mwanzo, na msukumo wa umeme huzifikia zote karibu kwa wakati mmoja, mfano wa bomba lililojaa maji ambalo hutoa maji mdomoni mara tu unapofungua koki.

Katika metali zote, fedha ndiyo inayopitisha umeme vizuri zaidi, ikifuatwa kwa karibu na shaba, kisha dhahabu na alumini. Ukinzani wa chuma ni karibu mara sita ya ule wa shaba yenye vipimo hivyohivyo. Alumini huizidi shaba kwa ukinzani takriban mara 1.6, lakini ni nyepesi kiasi kwamba waya wa alumini wenye uwezo sawa na wa shaba huwa na nusu tu ya uzito, na kwa sababu hiyo nyaya ndefu zinazoning'inia kwenye nguzo za umeme mkubwa hutengenezwa kwa alumini.

Kama una multimeta, fanya jambo moja zaidi kabla ya kuachana na vitu vigumu. Iweke kwenye kipimo cha omu na upime balbu ya tochi ya volti 2.5 na ampea 0.3 ikiwa baridi. Utapata karibu omu moja. Kisha piga hesabu ya ukinzani wake ikiwa imewaka: 2.5 ukigawa kwa 0.3 unapata omu 8 na kidogo. Ni uzi uleule, ila umepashwa moto hadi ukawa mweupe, na joto limezifanya atomu za metali zitikisike na kuwakwaza wabebaji njiani. Likumbuke tokeo hili, kwa kuwa vimiminika vitakuonyesha kinyume chake. Silikoni na nusu vipitishi vingine pia hupingana na metali hapa, kwa sababu joto huzifungulia elektroni zilizokuwa zimefungwa.

Vimiminika: kutoka elektroni hadi ioni

Mimina chumvi kavu ya mezani kwenye kisahani na uchomeke ndani yake viini viwili vya penseli vilivyounganishwa na kipimo. LED itabaki gizani. Halafu mimina maji yaliyokenekwa kwenye glasi safi, tumbukiza viini vilevile viachane kwa sentimita 2 hivi, na LED itabaki gizani tena. Sasa tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi ileile ndani ya maji yaleyale na ukoroge. LED itawaka kwa nguvu, ingawa umechanganya vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake kilikataa.

Kilichotokea ni kwamba chumvi imeundwa na ioni tangu ikiwa kavu: ioni chanya za sodiamu na ioni hasi za klorini, zilizopangwa kama matofali kiasi kwamba hakuna inayoweza kuhama. Maji huzitenganisha na kuziacha huru. Viini vilivyotumbukizwa huitwa elektrodi; ioni chanya huvutwa kuelekea elektrodi hasi, inayoitwa kathodi, na ioni hasi huelekea elektrodi chanya, yaani anodi, na kutembea huko kwa pande mbili kwa wakati mmoja ndiko mkondo wa umeme ndani ya kimiminika. Kuyeyusha chumvi kwa moto nako hutoa tokeo hilohilo bila tone la maji, lakini kunahitaji joto la nyuzi 801 za Selsiasi, kwa hiyo usilijaribu. Svante Arrhenius wa Uswidi alipoandika mwaka 1884 kwamba vitu kama chumvi hugawanyika ndani ya maji, wakaguzi wa tasnifu yake walimpa alama za chini. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia kwa wazo hilohilo.

Suuza viini kwa maji yaliyokenekwa kila unapobadilisha kimiminika, maana chembe chache za chumvi zilizobaki juu ya grafiti zinatosha kukutia makosani, kisha endelea na maji ya sukari, siki na maji ya bomba. Sukari huyeyuka vizuri sana lakini LED haitashtuka, kwa kuwa molekuli zake huyeyuka zikiwa nzima na hazina chaji; kuyeyuka na kugawanyika kuwa ioni ni mambo mawili tofauti. Siki itatoa mwanga wa wastani, kwa sababu katika kila molekuli 1,000 za asidi yake ni nne au tano tu zilizogawanyika kwa wakati wowote. Maji ya bomba yatatoa mwanga hafifu unaoonekana vizuri zaidi ukizima taa za chumbani, kutokana na madini yaliyoyeyuka ndani yake. Hata maji yaliyo safi kabisa hayakosi ioni: takriban molekuli moja kati ya milioni 550 imegawanyika, kiasi kidogo mno kwa LED yetu ila si kwa kifaa chenye masikio makali. Mpaka kati ya kipitishi na kihami, kwa hiyo, hautokani na kitu peke yake, bali pia na kipimo ulichokishika mkononi.

Ili ulione hili kwa macho, badilisha LED na rezista kwa balbu ya tochi na betri mbili za volti 1.5, kisha uvitumbukize viini kwenye maji ya chumvi kwa sekunde zisizozidi kumi. Balbu itakaa gizani, na mwanafunzi mwenye haraka ataandika kwamba maji ya chumvi hayapitishi umeme. Inama utazame viini kwa karibu: kiini kilichoungwa na ncha hasi kimejaa vipovu vidogo kama vya soda iliyofunguliwa sasa hivi. Mkondo unapita, ila ni miliampea chache tu ambazo balbu haizitambui. Vipovu vimekuwa shahidi bora kuliko taa.

Mwisho, pima maji ya chumvi kidogo yakiwa baridi, kisha yakiwa moto, multimeta ikiwa imeungwa kwenye sakiti kama ammeta na viini havijasogezwa hata kidogo. Mkondo utapanda kwa kiasi cha asilimia 2 hivi kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa sababu maji ya moto hutiririka kwa wepesi zaidi na ioni hupenya kwa urahisi. Metali hupoteza uwezo kwa joto, miyeyusho huuongeza, na ukipewa kitu usichokijua, jaribio hili moja hukupa dokezo zuri la aina ya wabebaji walio ndani yake.

Kuyatenganisha maji

Mwaka 1800, wiki chache baada ya habari za betri ya Alessandro Volta kufika Uingereza, William Nicholson na Anthony Carlisle waliweka nyaya za betri kama hiyo ndani ya maji na kuona gesi ikitoka kwenye ncha zote mbili. Utarudia kazi yao kwa vifaa duni kuliko hivyo, ila usitumie chumvi ya mezani, kama miongozo mingi inavyosema. Kwenye anodi chumvi hiyo hutoa klorini, gesi ya sumu yenye harufu kali ya dawa ya kung'arishia nguo, na ndiyo maana jaribio lililotangulia lilipewa sekunde kumi tu. Tumia magnesi salfeti, ile chumvi ya haluli, vijiko vinne vya chai kwenye glasi moja ya maji yaliyokenekwa. Usitumie vijiko au misumari ya chuma kisichoshika kutu badala ya grafiti, kwa kuwa anodi ya chuma hicho inaweza kuachia majini misombo ya kromi iliyo hatari kwa afya.

Unga viini viwili na betri nne za volti 1.5 zilizofuatana, yaani volti 6, bila LED na bila rezista, na uiweke glasi mahali penye hewa inayopita, bila kifuniko na mbali na moto. Ukipenda, anza na betri moja tu. Kwa hesabu za nishati maji hutenganishwa kuanzia volti 1.23, lakini kwa volti 1.5 utaona karibu hakuna kitu, kwa sababu elektrodi hudai ziada yake kabla ya gesi kuanza kutoka. Ongeza ya pili, na vipovu vitaanza.

Yatazame yanayotokea. Kwenye kathodi vipovu ni vingi na vidogo, na baada ya dakika kadhaa wingu jeupe jepesi huanza kuning'inia kando ya kiini na kuteremka polepole. Kwenye anodi vipovu ni vichache na vikubwa kidogo, na taratibu vumbi jeusi hudondoka chini ya glasi. Gesi ya kathodi ni hidrojeni. Maji yanapopokea elektroni hapo huachia hidrojeni na kubakiza ioni za haidroksidi, ambazo hukutana na ioni za magnesi na kufanya haidroksidi ya magnesi, nayo haiyeyuki vizuri, ndiyo lile wingu. Gesi ya anodi ni oksijeni, na vumbi jeusi ni grafiti yenyewe ikiliwa na oksijeni inayozaliwa juu yake. Chovya karatasi ya litmasi, inayobadilika rangi kwa asidi na alikali, karibu na kila kiini: upande wa kathodi hugeuka buluu, kwa kuwa alikali imejitengeneza hapo, na upande wa anodi hugeuka nyekundu kwa asidi. Ukikoroga glasi, viwili hivyo hufutana, kwani vilizaliwa kwa kiasi sawa.

Ukitaka kupima ujazo, jaza mmumunyo ndani ya mirija miwili ya kioo iliyozibwa upande mmoja, igeuze ndani ya glasi bila kuingiza hewa, na uielekeze midomo juu ya viini. Kwa mkondo wa miliampea 40 utapata, baada ya nusu saa, mililita 9 hivi za hidrojeni na takriban nusu yake ya oksijeni. Oksijeni itapungua kidogo kuliko nusu kamili, kwa kuwa sehemu yake huyeyuka majini na nyingine hutumika kuila grafiti.

Kuihamisha shaba na kuipima kwa mizani

Hapa ndipo kazi ya kikemikali ya mkondo huonekana wazi kuliko popote, na ndipo makosa hufanyika zaidi. Utahitaji mrututu, yaani salfeti ya shaba, gramu 20 katika mililita 200 za maji yaliyokenekwa, na glavu, kwa sababu mrututu ni sumu ukimezwa na huwasha ngozi na macho. Kosa la kawaida ni kupaka shaba juu ya msumari wa chuma. Tumbukiza msumari safi kwenye mmumunyo huo bila betri yoyote, na baada ya dakika moja utautoa ukiwa na rangi ya shaba. Umeme haukuhusika, chuma huingia majini na kuisukuma shaba itoke, nayo hukaa juu ya msumari kama matope mekundu yanayofutika kwa kidole. Aliyeunga betri kwenye msumari huo hujipongeza kwa kazi ambayo ingefanyika hata betri ikiwa kabatini.

Tumia basi kiini cha penseli kama kathodi, kwani grafiti haina cha kubadilishana na mrututu. Anodi iwe kipande cha shaba safi, na chanzo kiwe betri moja ya volti 1.5. Katika dakika chache weusi wa kiini hufunikwa na waridi ya shaba, kuanzia upande unaoitazama anodi. Shaba ikitoka nyeusi na ya ungaunga, mkondo umezidi, kwa hiyo sogeza elektrodi ziachane zaidi. Miliampea 10 hadi 20 kwa kila sentimita ya mraba hutoa tabaka linaloshika vizuri.

Kwa hesabu, badilisha kiini kwa kipande cha pili cha shaba. Chukua vipande viwili vyenye eneo la sentimita 20 za mraba kila kimoja ndani ya mmumunyo, visugue kwa msasa, vioshe, vikaushe, na uvipime kwa mizani inayosoma hadi gramu 0.01, kama ile ya sonara. Unga betri moja kubwa ya volti 1.5 na ammeta kwa mfuatano, rekebisha umbali wa vipande hadi usome ampea 0.25, na uisahihishe kila baada ya dakika tano kwa muda wa saa moja.

Ampea 0.25 kwa sekunde 3,600 ni kulombi 900 za chaji (kulombi ni ampea moja kwa sekunde moja). Michael Faraday aligundua katika miaka ya 1833 na 1834 kwamba kiasi cha kitu kinachotoka kwenye elektrodi hufuata chaji iliyopita na si kitu kingine, na ndiye aliyeyaeneza maneno elektrodi, anodi, kathodi na ioni. Kila ioni ya shaba hudai elektroni mbili, kulombi 96,485 ni chaji ya moli moja (idadi maalumu ambayo wanakemia huitumia kuhesabu chembe) ya elektroni, na moli moja ya shaba ina gramu 63.55. Gawa 63.55 kwa mara mbili ya 96,485, zidisha kwa 900, na utapata gramu 0.296. Toa vipande, vioshe kwa maji taratibu bila kusugua, viache vikauke, upime tena. Kathodi iwe imeongezeka takriban gramu 0.30 na anodi iwe imepungua kwa kiasi kinachokaribiana na hicho, huku rangi ya buluu ya mmumunyo ikiwa haijafifia, kwa kuwa kila ioni iliyotoka majini imerithiwa na nyingine kutoka anodi. Anodi ikipungua kupita kathodi ilivyoongezeka, tazama chini ya glasi, huenda kuna chembe zilizodondoka. Katika viwanda vya kusafishia shaba tope hilo la anodi hukusanywa kwa uangalifu, kwa sababu humo hubaki fedha na dhahabu zilizokuwa zimechanganyika na shaba.

Alumini hutolewa kwa njia inayofanana na hii, ila si ndani ya maji, kwa kuwa maji yangetoa hidrojeni kabla ya alumini kupata nafasi. Mwaka 1886 Charles Martin Hall nchini Marekani na Paul Héroult nchini Ufaransa, kila mmoja kivyake, waliyeyusha oksidi yake ndani ya kriolaiti (madini yenye alumini na florini) ya moto na kupitisha mkondo humo, na viwanda hufanya hivyo hadi leo kwenye joto la nyuzi 950 hivi.

Ukimaliza, mrututu usiumwage kwenye sinki, mtaroni wala mtoni, maana shaba huua samaki na viumbe wadogo wa majini hata ikiwa kidogo. Mmumunyo uliobaki safi uchuje, uutie kwenye chupa yenye kifuniko imara na karatasi iliyoandikwa SUMU pamoja na jina lake na tarehe, uuweke pasipofikiwa na watoto, na uutumie tena. Kama lazima uutupe, tia ndani yake sufi ya chuma ya kusugulia na uache kwa siku moja hadi buluu iishe na kubaki kijani hafifu. Shaba itakuwa imetua chini ikiwa unga mwekundu, ambao utauchuja, utaukausha na kuutupa pamoja na taka ngumu. Viini vya penseli vilivyotumika kwenye mrututu usivirudishe kwenye majaribio ya kupima vimiminika.